ND si sifuri: kusoma upya memwari zetu za «metali nzito»

Kuna memwari moja ambayo sisi wote tumeisha kusoma, hata kama jina la mwandishi linabadilika kila mwaka. Kichwa chake kinaanza na «Tathmini ya uchafuzi wa metali nzito katika maji ya...», kisha jina la mto ao la chemchemi, kisha Aru, Ariwara, Mahagi ao Mongbwalu. Sura ya kwanza inaeleza metali nzito ni nini. Sura ya pili inatoa historia ya teritwari tangu Wabelgiji, pamoja na ramani iliyonakiliwa mara nyingi mpaka herufi hazisomeki tena. Sura ya tatu iko na jedwali moja. Chini ya jedwali kuna hukumu: maji «yanafaa» ao maji «yamechafuliwa». Halafu mapendekezo kwa Serikali, kwa wachimbaji, na kwa watafiti watakaokuja nyuma yetu. Juri inapiga makofi, picha zinapigwa, memwari inaingia kwenye kabati.

Siandiki juu ya kumcheka mtu. Mwanafunzi anayetoka Aru na chupa zake, anavuka mpaka wa Vurra ao anashuka mpaka Bunia kutafuta laboratwari, na analipa vipimo kwa dola za mzazi, huyo amefanya kazi kubwa kuliko mimi ninayekaa hapa na simu. Lakini kazi kubwa inastahili kusomwa kwa ukali. Na mimi nikisoma jedwali la sura ya tatu, mara nyingi naona kwamba hukumu iliyo chini yake haitokani na namba zilizo juu yake. Hiyo njo shida ninayotaka tuiangalie.

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, usiutafute kwenye memwari ya mtu. Maji ya chemchemi moja, sampuli tatu, mashine ya ufyonzaji wa mwanga wa atomi kwa moto, ile tunaita AAS. Jedwali linasema: risasi ND, kadimi ND, zebaki ND, shaba 0,03 mg/l. ND maana yake haikuonekana. Mwandishi anaandika chini: «Matokeo yanaonyesha kwamba maji haya hayana risasi wala zebaki, kwa hiyo yanaheshimu kanuni za Shirika la Afya Duniani.»

Sasa tuangalie mashine yenyewe. AAS ya moto, hata ikiwa mpya na mtu anayeitumia anaijua vizuri, inaanza kuiona risasi karibu na mikrogramu 10 mpaka 20 kwa lita. Kuipima kwa uhakika inaomba zaidi ya hapo. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa risasi katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Maana yake nini? Maana yake maji yanaweza kuwa na risasi inayozidi mwongozo, na mashine ikasema ND bila kudanganya. Kwa zebaki ni mbaya zaidi. Kwa moto wa kawaida, zebaki inaanza kuonekana karibu na mikrogramu 200 kwa lita. Mwongozo ni 6. Ni sawa vile kupima uzito wa sindano kwenye mizani ya magunia ya maharagi, halafu kutangaza sokoni kwamba sindano haina uzito.

Zebaki iko na njia yake, ile ya mvuke baridi: unaibadilisha kuwa mvuke bila moto, unaupitisha kwenye mwanga, na hapo unashuka mpaka chini ya mikrogramu moja. Aseniki nayo inaomba kugeuzwa kwanza kuwa gesi. Risasi na kadimi zinaomba tanuri ya grafiti. Ao basi uende kwenye ICP-MS, mashine inayohesabu atomi kwa uzito wao na inayoshuka chini sana, lakini hiyo inaomba gesi ya argoni, umeme usiokatika, na fundi. Mambo haya yako katika kila kitabu cha kemia ya uchambuzi. Lakini ni memwari ngapi zinaandika, pembeni ya jedwali, kiwango cha chini ambacho mashine iliyotumika inaweza kuona? Namba hiyo moja ingeondoa nusu ya makosa. Badala ya «ND» mwandishi angeandika «chini ya 20», na msomaji mwenyewe angeona kwamba mwongozo ni 10 na kwamba swali bado liko wazi.

Nasisitiza hapa kwa sababu ND inafika kijijini ikiwa imegeuka neno lingine. Mwanafunzi anamwambia shefu wa kijiji: «Tumepima, hakuna kitu.» Shefu anawaambia wamama wa kisima. Na kutoka siku hiyo maji yale yanakuwa maji yaliyopimwa na watu wa chuo kikuu.

Tutoke kwenye mashine, turudi kwenye chupa. Metali tunazozungumzia ziko kwa mikrogramu, sehemu moja kwenye bilioni. Kwa kiasi hicho, kila kitu kinachogusa maji kinaandika jina lake ndani: kidole, kofia ya chupa, vumbi la barabara ya laterite, kamba ya ndoo yenye kutu. Na kinyume chake pia kinatokea. Risasi haipendi kukaa ndani ya maji. Inajibandika kwenye ukuta wa chupa. Njo maana sampuli ya metali inatiwa asidi safi ya nitriki palepale mtoni, mpaka pH ishuke chini ya 2. Ukibeba maji bila asidi kwa siku nne ndani ya basi, sehemu ya risasi itabaki kwenye plastiki, na mashine itapima mabaki. Maji ya foraji yenye chuma ni mfano ambao kila mtu wa kwetu ameuona: yanatoka meupe, kesho yake bidoni iko na tope jekundu chini. Lile tope ni chuma kilichokutana na hewa, na kinapoanguka kinashuka na aseniki na metali zingine. Anayechota maji ya juu tu anapima maji ambayo yamejisafisha ndani ya bidoni.

Kuna na suala la kuchuja. Maji yaliyopita kwenye kichujio cha mikromita 0,45 yanaonyesha metali zilizoyeyuka. Maji yasiyochujwa, yakipikwa na asidi, yanaonyesha pia metali zilizo ndani ya udongo unaoelea. Yote mawili ni vipimo halali, lakini ni maswali mawili tofauti. Mto mmoja ukiuchota mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, na mwenzako akauchota baada ya mvua za kwanza, bila kuchuja, yeye atapata alumini, chuma na kromu mara nyingi zaidi yako. Ataandika kwamba uchafuzi umeongezeka. Kilichoongezeka ni matope. Memwari nyingi hazisemi kama walichuja ao hapana, hazisemi siku ya kuchota, hazisemi kama mvua ilinyesha jana yake. Bila mambo haya matatu jedwali haliwezi kulinganishwa na lolote, hata na memwari ya mwaka uliopita juu ya mto uleule.

Mtu atasema ninaomba ukamilifu wa Ulaya. Basi tuangalie Ulaya na Marekani wenyewe walivyoanguka shimo hilihili. Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani, ndiye aliyetoa mwaka 1956 umri wa dunia ambao tunautumia mpaka leo, miaka bilioni 4,55, kwa kupima risasi ndani ya vimondo. Kilichomtesa kwa miaka mingi kabla ya kupata namba ile ni kwamba risasi ilikuwa inaingia kwenye sampuli zake kutoka kila upande: hewani, kwenye vyombo, kwenye asidi, kwenye nguo na ngozi ya watu. Akajenga chumba cha kazi kisicho na vumbi, akasafisha asidi zake mwenyewe. Baadaye alipogeukia bahari, ilionekana kwamba namba nyingi za risasi zilizokuwa zimechapishwa na maabara zenye sifa zilikuwa kubwa kuliko ukweli, kwa sababu wapimaji walikuwa wanapima uchafu wa meli na wa chupa zao. Mwaka 1965 akaandika kwamba kiasi cha risasi ambacho watu wa viwanda walikuwa wanakiita «cha kawaida» mwilini kilitoka kwa binadamu mwenyewe, na petroli ikiwa mtuhumiwa mkubwa. Viwanda vikampiga vita. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na dunia nzima ikamaliza mwaka 2021.

Silaha yake haikuwa mashine peke yake. Ilikuwa blanki. Blanki ni maji safi kabisa unayoyapitisha njia yote ya sampuli: unayabeba mpaka mtoni, unayamimina kwenye chupa ileile, unayatia asidi ileile, unayarudisha, unayapima. Risasi itakayoonekana ndani yake ni risasi yako wewe, si ya mto. Chupa moja tu ya ziada! Gharama yake ni kipimo kimoja. Na bado ni kitu ambacho karibu hukioni kwenye sura ya pili ya memwari zetu, wakati kurasa sita zinaeleza hali ya hewa ya Ituri.

Sasa zebaki, kwa sababu kwetu kila mtu akisema metali nzito anafikiria zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri. Dhahabu ya Ituri inachimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati wa Kilo-Moto, na leo wachimbaji wa mikono wako kila upande, na Ariwara imetajwa miaka mingi kama soko ambalo dhahabu inapitia kuvuka Uganda. Kwa hiyo swali la zebaki ni swali halali. Ila jibu linatafutwa mahali pabaya. Mwanafunzi anachukua maji ya mto chini ya machimbo, anapima, anapata ND ao namba ndogo sana, na anamaliza. Zebaki ya machimbo haikai sana ndani ya maji. Inazama kwenye tope la chini, inajishika na chembe za udongo. Pale chini, mahali pasipo hewa, bakteria wanageuza sehemu yake kuwa methili-zebaki, na hiyo inapanda: mdudu, samaki mdogo, samaki mkubwa anayekula wenzake, halafu sahani. Minamata, kule Japani, ambako ugonjwa ulitangazwa mwaka 1956, watu hawakulewa sumu kwa kunywa maji ya ghuba. Walikula samaki.

Na kabla hata ya samaki, kuna moshi. Mchimbaji anachanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, anakamua donge, analiweka motoni. Zebaki inakuwa mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke ule unaingia mapafuni mwake na mwa mtoto anayecheza karibu, mara nyingine ndani ya jiko la nyumba. Mnunuzi dukani anaichoma tena ile dhahabu ili isimdanganye kwa uzito, na moshi unatoka mara ya pili, safari hii katikati ya soko. Anayetaka kujua zebaki inamfanya nini mtu wa machimbo apime mkojo wake. Anayetaka kujua inawafanya nini wanaokula samaki apime samaki na nywele za walaji. Maji ya mto ni sampuli rahisi kuchota, na kwa swali hili ndiyo inayosema kidogo kuliko zote. (Ndiyo, mkojo na nywele vinaomba kibali cha kamati ya maadili na ruhusa ya mtu mwenyewe. Ni kazi. Lakini samaki wa sokoni haombi ruhusa, na tope la mto halijawahi kukataa.)

Hata Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, unapoziomba nchi zenye uchimbaji mdogo wa dhahabu zitengeneze mpango wa kitaifa, unataka ndani yake hesabu ya zebaki inayotumika. Hesabu ile inafanywa kwa kukaa na wachimbaji: unatia gramu ngapi, unatoa dhahabu gramu ngapi. Mizani na daftari. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa Aru anaweza kuifanya bila mashine yoyote, anajua Lingala na Kilugbara, anajua njia, anajua nani wa kusalimia kwanza. Ingekuwa memwari ngumu kuipinga. Lakini haina jina la mashine kwenye kichwa chake, basi hatuiheshimu.

Kosa lingine liko upande wa udongo na tope, na hili linanisumbua kwa sababu linafanywa na watu waliosoma vizuri. Wanachukua namba zao, wanazigawanya kwa wastani wa miamba ya shale wa Turekian na Wedepohl wa mwaka 1961, wanapata «kipeo cha uchafuzi», kisha fahirisi ya Müller ya 1969, na rangi nyekundu inatokea kwenye ramani: nikeli, kromu, aseniki. Hesabu ni safi. Ila sehemu kubwa ya dhahabu ya Ituri na Uele iko kwenye miamba ya zamani sana ya Kibali, mikanda ya mawe ya kijani, ambayo sehemu zake zilitoka kwenye volkeno na kwa asili ziko na kromu na nikeli nyingi kuliko shale ya wastani. Na aseniki inatembea na dhahabu ndani ya mawe, bila mtu kuigusa. Mvua ya miaka milioni imeondoa vyepesi na kuacha chuma na kromu kwenye udongo mwekundu. Kwa hiyo rangi nyekundu ile inaweza kuwa jiolojia tu. Dawa yake si fahirisi nyingine. Dawa ni kupanda juu ya machimbo, kuchukua tope la kijito ambacho hakuna mtu amekichimba lakini kinapita kwenye mawe yaleyale, na kulinganisha hapo. Wengi wanachukua sampuli kumi chini ya machimbo na sifuri juu yake.

Ninajua swali linalokuja: sasa tufanye nini, tuko Aru, si Louvain. Tusome basi kazi ya watu wa nchi yetu. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao, walichapisha utafiti juu ya kobalti na metali zingine kwa watu wa Katanga. Mikojo ya watu 351. Haikupimwa Lubumbashi, ilipimwa Ubelgiji. Mwaka 2018 walirudi na Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao: wakaaji 72, wakiwamo watoto 32, na watu 25 wa mahali pengine wa kulinganisha nao. Angalia namba hizo. Watu 72 si wengi. Bajeti ya sampuli si ya kutisha. Nguvu ya kazi ile iko kwingine: walijua wanatafuta metali gani na kwa nini, walichagua mkojo na damu na vumbi la nyumba kwa sababu kobalti inaingia kwa njia hiyo, na walikuwa na kundi la kulinganisha. Hukumu yao kwamba watoto wa Kasulo walibeba kobalti nyingi zaidi ni ngumu kuiangusha, kwa sababu kila ngazi iko pale na unaweza kuikanyaga.

Sisemi kazi ile haina la kukosoa. Inaudhi kwamba nchi inayotoa kobalti nyingi kuliko zote duniani inapandisha mikojo ya watoto wake kwenye ndege ili ipimwe. Mwenye mashine ndiye mwenye kuamua swali gani linafaa kupimwa mwaka huu, na Ituri haijawa zamu yake. Lakini tukiangalia vizuri, mashine ilikuwa nje na wazo lilikuwa ndani, na kwa memwari zetu mara nyingi ni kinyume: tunapata mashine kwa jasho, halafu tunaipelekea chupa zisizo na swali.

Kwa mwenye pesa kidogo, hesabu yangu ni hii. Sampuli kumi kwa metali nane ni vipimo themanini, na karibu vyote vitakuwa ND. Kwa pesa hizohizo, ao chini yake, chukua metali mbili. Tuseme unashuku betri za zamani zinayeyushwa karibu na chemchemi: risasi peke yake, kwa tanuri ya grafiti, sampuli nane, blanki mbili, sampuli moja ukiigawa mara mbili bila kumwambia mpimaji, na moja ambayo wewe mwenyewe umetia risasi ya kiasi unachojua. Ile ya mwisho ikirudi na nusu ya ulichotia, umejua kitu juu ya laboratwari ambacho cheti chake cha ukutani hakikuambii. Uliza kabla ya kulipa: kiwango chenu cha chini kwa risasi ni ngapi? Munatumia sampuli ya rejea yenye cheti? Laboratwari iliyo na idhini ya ISO/IEC 17025 kwa kipimo hicho itakujibu bila kukasirika. Inayokasirika imejibu pia. Na pale Arua, kilomita chache kutoka Aru, ao Kampala, kuuliza ni bure, ni ujumbe wa simu.

Wanafunzi wawili ao watatu wanaweza kuunganisha sampuli zao kwenye mzunguko mmoja wa mashine na kugawana blanki na rejea. Sioni kanuni ya chuo inayokataza. Kinachokataza ni kwamba kila mmoja anataka jedwali lake.

Na kwa nini nipige kelele namna hii juu ya namba ndogo? Kwa sababu namba hizi zinaweza kubeba uzito wa kweli. Mwaka 2010 kule Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto walianza kufa vijijini na watu wakafikiri ni malaria. Madaktari Wasio na Mipaka walipopeleka damu kupimwa, ilikuwa risasi: mawe ya dhahabu yalikuwa na risasi nyingi, na yalisagwa ndani ya nyumba, mara nyingine kwa mashine za unga. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Kilichofuata ni kupita uani kwa uani na vifaa vya mkononi vya eksirei vinavyosoma risasi ya udongo palepale, ili kujua wapi pa kuondoa udongo. Vifaa hivyo kwa maji ya kunywa havifai kitu. Kwa udongo uliojaa risasi vilitosha kabisa. Kifaa kililingana na swali.

Ao Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, pembeni ya kiwanda kilichoyeyusha betri za magari. Phyllis Omido na majirani zake walipambana miaka mingi, na tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliwapa shilingi za Kenya bilioni 1,3. Vipimo vya damu na vya udongo vilikuwa kati ya ushahidi. Hebu fikiria wakili wa upande wa pili anapewa memwari yetu moja. Swali lake la kwanza: chupa zilikuwa zimesafishwa na nini? La pili: blanki iko wapi? La tatu halihitajiki.

Ukisema maji ni salama wakati hukuweza kuona, watoto wanaendelea kunywa. Ukisema yamechafuliwa wakati ulipima matope ya mvua, wamama wanaacha chemchemi iliyotengenezwa na wanarudi kwenye bwawa, ambako kipindupindu hakisubiri mikrogramu. Makosa haya mawili hayana bei moja kila mahali. Kwa chemchemi ya Aru, mimi ningeogopa la pili sawasawa na la kwanza, kwa sababu maji machafu ya vijidudu yanaua wiki hiihii.

Kwa hiyo kwa wadogo zetu ambao wanachagua mada mwaka huu, na kwa maasistanti wanaowaongoza: kabla ya juri kuuliza «mapendekezo yako ni yapi», iulize kiwango cha chini cha mashine kwa kila metali iliyo kwenye jedwali, na blanki ilisoma ngapi. Maswali mawili, dakika tano. Na nakala ya ukurasa wa laboratwari, ile yenye muhuri na namba mbichi, iwekwe nyuma ya memwari, kama ilivyotoka, bila kuchapwa upya.